Nyanya Ndogo Nyuma ya Jiko

Watu wengi wakiziona nyanya hizi mara ya kwanza hudhani ni nyanya zilizodumaa. Kila moja ni kama gololi ya watoto, nazo huning'inia vishada vishada kama zabibu. Lakini ni tamu kupita nyanya kubwa, na mti mmoja ukitunzwa vizuri huweza kuzaa mamia. Kwa mtu mwenye kishamba kidogo nyuma ya jiko zinafaa sana.

Mama mmoja wa Kandara, katika Murang'a, alizipanda kwa mbegu za pakiti. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri hata akapata mnunuzi wa Thika aliyetaka kupelekewe kila wiki. Kwa kuwa mama huyo ni mwekevu, alichagua nyanya zilizo bora, akazikamua mbegu, akazikausha na kuziweka katika kikopo. Msimu uliofuata akapanda miche 40. Nilipofika kwake nilikuta miti isiyofanana hata kidogo. Mingine ilikuwa mirefu, mingine mifupi. Mingine ilizaa nyanya kubwa zaidi, na mingine nyanya chachu zilizopasuka ngozi. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuzikataa mara mbili.

"Mwanangu," akaniambia, "mbegu nilizitoa katika nyanya zangu mwenyewe. Nimekosa wapi?"

Bidii hakukosa. Kosa lilikuwa katika aina ya mbegu. Nyanya hizo zilikuwa chotara, yaani mtaalamu huchukua nyanya za namna mbili, akaipa ya kike chavua ya kiume kwa mkono, na mbegu inayopatikana huleta miti yenye nguvu na inayofanana yote. Lakini mbegu ya miti hiyo ikipandwa, tabia za wale wazee wawili hutawanyika, kila mjukuu akachukua lake. Wakulima wa mahindi wanalijua jambo hili tangu mahindi chotara ya Kitale yalipotolewa mwaka 1964: mbegu hununuliwa kila msimu. Kwa nyanya wengi husahau.

Basi, kwa kuwa pakiti ndogo ina bei kali, usizimwage mbegu ovyo kitaluni. Panda kila mbegu peke yake katika kikopo kilichotobolewa chini, ndani yake udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa. Uifukie nusu inchi tu. Huota baada ya siku 6 hadi 10. Baada ya wiki 4 au 5, mche ukiwa na majani manne au matano, upandikize wakati wa jioni, ukiacha futi 2 kati ya mche na mche. Siku hiyo hiyo simamisha mti wa futi 6 kando yake. Usingoje, kwa maana baadaye utakata mizizi.

Machipukizi yanayotoka kati ya jani na shina yaondolewe yangali madogo. Na hapa ndipo nilipompa mama huyo faraja kidogo. Chipukizi la inchi 5 au 6, likitoka katika mti mzima usio na ugonjwa, likichomekwa katika udongo wenye unyevu kivulini, hutoa mizizi kwa muda wa wiki mbili hivi. Nalo halibadiliki: ni mti ule ule uliolikatia. Kwa njia hii miche mitano ya pakiti huweza kuwa ishirini.

Maji yapate shina, si majani, nayo yatiwe asubuhi. Majani yakilala na maji, hasa wakati wa baridi na mvua, ukungu huyaharibu yote kwa siku chache. Tena usiache udongo ukauke kabisa kisha ukaumwagia maji mengi, kwa maana nyanya hizi ngozi yake ni nyembamba na hupasuka upesi. Funika udongo kwa majani makavu. Ukiona jani lina vijia vyeupe, huenda ni kazi ya kiwavi wa Tuta, mdudu aliyeonekana Kenya mwaka 2014. Chuma majani hayo uyachome.

Juu ya dawa za kunyunyiza, nawaomba wenye watoto wawe waangalifu. Nyanya hizi huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu, na watoto huzila mtini bila kuziosha. Dawa nyingi hutaka ungoje siku kadhaa kabla ya kuchuma. Soma karatasi ya chupa; kama huwezi kungoja, usinyunyize.

Mti ukinyauka ghafula ungali mbichi, kata kipande cha shina na utumbukize ncha yake katika gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mti na uuchome, wala usipande hapo nyanya, viazi, pilipili wala biringani kwa miaka kadhaa.

Yule mama alinunua pakiti moja mpya, na machipukizi yake ya kwanza yamekwisha kushika mizizi. Mnunuzi wa Thika hajarudi bado. Kwa sasa anaziuza katika soko la Kandara, kikombe kwa kikombe.