Ni Nani Mlezi wa Yatima Mbele ya Sheria?

Desturi ya kumpokea mtoto wa marehemu ni ya zamani sana katika nchi hii ya Kenya. Mtu akifa, ndugu zake huketi pamoja baada ya mazishi, na kabla jua halijatua hujulikana ni mtoto gani atakayekwenda kwa nyanya yake na ni yupi atakayechukuliwa na mjomba au ami. Hakuna aulizaye karatasi. Mtoto hupewa mahali pa kulala, jina lake huandikwa katika shule iliyo karibu, na mambo huendelea.

Huendelea mpaka siku ile karatasi inapotakiwa.

Na tutwae mfano wa mama mmoja mzee, mkulima wa chai katika vilima vya Murang'a. Binti yake aliyekuwa karani mjini Thika amefariki, akamwachia wajukuu wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa miaka sita. Baba yao aliondoka kabla yule mdogo hajazaliwa, na tangu hapo hakuonekana tena. Mama huyu amewalisha watoto, amewavika, amekesha nao usiku wa homa. Mwaka wa pili daktari anasema ya kuwa yule mkubwa lazima apasuliwe koo. Si jambo la hatari ya papo hapo, kwa hiyo karani wa hospitali anataka kwanza sahihi ya mzazi au mlezi.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi."

"Nimekuelewa, Mama. Je, unayo hati ya korti?"

Mama hana. Anayo barua ya chifu, yenye mhuri, isemayo ya kuwa watoto wanakaa kwake, naye ameitunza katika mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Wiki iyo hiyo anakwenda benki kuuliza habari za akiba ya binti yake, na huko pia anaulizwa swali lile lile. Na wakati yeye anazunguka hivi kwa matatu, mwanawe wa kiume amekwisha kuweka mpangaji katika nyumba ambayo marehemu dada yake aliijenga katika ploti yake huko Thika. Kila mwezi anapokea kodi. Akiulizwa, hujibu, "Naangalia mali ya watoto." Fedha yenyewe hakuna aliyeiona.

Visa vya namna hii ni vingi, na wengi wa wasomaji wetu, wawe wakulima au makarani, watakuwa wamekwisha kuona kimoja katika mji wao wenyewe. Mama huyu hakukosa wema hata kidogo. Alichokosa ni mamlaka. Kukaa na mtoto ni jambo moja, na kuwa na uwezo wa kutia sahihi kwa ajili yake, kudai haki yake na kumzuia mwenye kula mali yake, ni jambo jingine. Barua ya chifu ni ushahidi mwema wa kupeleka kortini, lakini haimfanyi mtu kuwa mlezi. Uwezo huo chifu hakupewa na sheria.

Sheria tunayoitumia ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001. Hiyo ya 2001 nayo ndiyo iliyofuta sheria ya kale ya ulezi wa watoto, iliyojulikana kwa makarani wa korti kama Sura ya 144. Kwa sheria hii mlezi ni mtu aliyechaguliwa na mzazi kwa wasia au kwa hati maalumu, au aliyewekwa kwa amri ya korti, ili ashike wajibu wa mzazi baada ya mzazi kufariki.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu neno moja hukosewa sana. Mume akifa, mke wake hana haja ya kwenda kuomba korti imfanye mlezi wa watoto wake mwenyewe. Mzazi aliyebaki ndiye mlezi, peke yake, au pamoja na mtu ambaye marehemu alimtaja. Twajua wajane waliotishwa na mashemeji ya kuwa watoto ni wa ukoo na lazima wabaki nyumbani kwa baba yao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema ya kuwa wajibu wa kumtunza mtoto ni wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana, na ya kuwa katika kila jambo limhusulo mtoto, manufaa yake ndiyo yatakayotangulizwa. Shemeji akiwa na shaka, njia ya korti i wazi kwake kama ilivyo kwa mtu mwingine. Lakini hana ruhusa ya kuwachukua watoto kwa nguvu.

Turudi kwa mama yetu wa Murang'a. Korti yaweza kumweka mtu kuwa mlezi ikiwa wazazi wamekufa au hawapatikani, na mtoto hana mlezi mwingine. Maadam baba wa watoto hawa hajulikani kama amekufa, hakimu atataka kujua alitafutwaje: ni ndugu gani walioulizwa, na ni wapi alipojulikana mara ya mwisho. Haitoshi kusema kwa mdomo tu ya kuwa "alipotea."

Kesi hupelekwa katika korti ya watoto, mbele ya hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kwa kazi hiyo. Mwombaji hupeleka ombi lake pamoja na hati ya kiapo, akieleza yeye ni nani, watoto ni akina nani, na kwa nini anaomba. Huambatisha vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha kifo cha mzazi, nakala ya kitambulisho chake, na hapo ndipo ile barua ya chifu inapopata kazi yake. Wengi hukwama mahali hapa kwa sababu mtoto hakuandikishwa alipozaliwa. Basi aliye na yatima nyumbani na aanze na cheti hicho, kwa maana bila cheti hata shule na mitihani itamsumbua.

Baadaye afisa wa watoto huagizwa kuchunguza. Atakuja nyumbani, ataona mahali watoto wanapolala, atazungumza na jirani na mwalimu, kisha ataandika taarifa kwa hakimu. Wako watu waonao haya au hasira kwa kupelelezwa hivyo ("Mimi ni nyanya yao, nichunguzwe kwa nini?"), lakini mwandishi huyu aona ya kuwa hasira hiyo si ya haki. Afisa hajui kama aliyesimama mbele yake ni nyanya mwema au ni yule mjomba mpokea kodi. Wote wawili husema maneno mamoja.

Siku ya kusikilizwa, watu wasiohusika hawaketi ndani, na majina ya watoto hayatangazwi. Mtu aketiye kwenye benchi la nje ataona tu mlango ukifunguliwa na kufungwa, na wazee wakitoka na bahasha. Mtoto naye huweza kuulizwa maoni yake, kwa kadiri ya umri na akili yake. Mtoto wa miaka kumi anajua vizuri ni nani ampikiaye.

Amri ya korti yaweza kumfanya mtu mlezi wa mwili wa mtoto, yaani malezi yake, shule yake na matibabu yake. Au mlezi wa mali yake. Au vyote viwili. Na hii sehemu ya mali ndiyo tungependa isomwe kwa utulivu, kwa kuwa wengi wakiisha kupata hati hudhani wamepewa ufunguo wa sanduku. Sivyo. Mlezi wa mali yampasa kuilinda isipotee wala kuharibika, na kila mwaka, siku ya kutimiza mwaka tangu kuwekwa kwake, yampasa kutoa hesabu kwa korti au kwa mtu aliyetajwa na korti. Akikataa kutoa hesabu, au akiitumia mali ya mtoto kwa mambo yake, amefanya kosa la kushtakiwa.

Kwa karani hili si jambo gumu. Daftari moja na safu mbili, fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, na risiti zikibandikwa nyuma. Kwa mkulima asiyezoea kuandika, mtoto mwenyewe aliye shuleni aweza kumsaidia, wala hapana ubaya wowote mtoto kujua kodi ya nyumba yake ni shilingi ngapi na karo yake imelipwa kwa fedha gani. Nimesikia wazee wakisema ya kuwa kudaiwa hesabu ni kutukanwa. Lakini mlezi mwenye daftari safi ndiye asiyeweza kusingiziwa, siku mtoto atakapokuwa mtu mzima na watu wa maneno wakamjaza masikio.

Lazima tuseme pia ya kuwa hati ya ulezi haihamishi ardhi wala ploti. Mali iliyo katika jina la marehemu hufuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo ni kesi mbali. Marehemu aliyeacha watoto bila mume wala mke, mali yake ni ya watoto sawasawa, nayo hushikwa kwa amana mpaka watimize miaka kumi na minane. Kwa sababu ya amana hiyo, sheria haimkubali mtu mmoja peke yake kuwa msimamizi. Sharti wawe wawili au zaidi, isipokuwa kazi hiyo ikishikwa na Mdhamini wa Umma au shirika la wadhamini. Na yule apokeaye kodi ya nyumba ya marehemu bila idhini ya korti, hata akiwa ni ndugu wa tumbo moja, aweza kutozwa faini ya shilingi 10,000, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Mjomba wetu wa Thika pengine hakuijua habari hiyo.

Wengine huuliza kama si afadhali kumwasili mtoto kabisa. Kuasili ni mlango mwingine. Hukata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa, akawa mtoto wa waliomwasili. Ulezi haukati kitu. Wajukuu wale watabaki kuwa watoto wa mama yao, kwa jina lake na kwa urithi wake. Kwa Waislamu, sheria ya 2022 inaitambua pia kafala, ambayo humtunza mtoto bila kumwondolea nasaba yake.

Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, nayo ofisi ya afisa wa watoto haitozi malipo kwa kuulizwa njia. Mtoto akiwa anateswa au ametupwa, simu 116 hupigwa bure. Lakini jihadharini na wale vijana wazungukao nje ya majengo ya korti wakiahidi amri iliyopigwa mhuri kwa siku mbili. Mhuri wa namna hiyo huonekana siku ya kwanza utakapofika benki.

Ulezi hukoma mtoto atimizapo miaka kumi na minane. Ikiwa ana ulemavu au maradhi ambayo hayamwezeshi kujitunza, korti yaweza kuuongeza muda, lakini ombi hilo lipelekwe kabla ya siku hiyo kufika. Mwenye mtoto wa namna hii na aihesabu miaka mapema.

Na wewe msomaji uliye hai, mwenye watoto wadogo, waweza kuyapunguza haya yote leo jioni. Sheria yampa mzazi ruhusa ya kumtaja mlezi wa watoto wake kwa wasia, au kwa hati iliyoandikwa, yenye tarehe, iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mwulize kwanza yule unayemtaka kama atakubali. Kisha mpe nakala yake aiweke, na nakala nyingine ikae mahali ambapo mkeo au mumeo atajua pa kuitafuta.