Nyuklia mitandaoni: Tuanze na maneno

Mwalimu wa fizikia na ajaribu jambo hili: alitamke neno "nyuklia" mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, kisha awaulize ni picha gani iliyowajia akilini. Aghalabu jibu litakuwa moja tu: bomu. Si ajabu. Tangu Hiroshima na Nagasaki ziangamizwe Agosti 1945, sayansi hii haijapata kutengana na vita katika fikira za watu.

Kwa hiyo anayekusudia kuieneza sayansi hii katika mitandao ya kijamii ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuiondoa picha ya zamani na kuleta nyingine. Isabelle Boemeke, mwanamitindo mzaliwa wa Brazil anayejiita Isodope, amejipatia hadhira kwa kuutetea umeme wa nyuklia katika video fupi zenye mizaha na mavazi ya ajabu. Mbinu yake yafaa kuchunguzwa. Hata hivyo, yeye husema kwa Kiingereza, lugha ambayo imekwisha kuyazoea maneno ya taaluma hiyo. Sisi tukiiga mavazi na muziki peke yake, tutakuwa tumeokota ganda na kuiacha kunde.

Tazama tunavyosema. Watangazaji hutuambia kwamba nchi fulani "inarutubisha urani". Kurutubisha, kwa mkulima wetu, ni kutia shamba mbolea. Maana inayokusudiwa ni kuongeza kiwango cha aina moja ya urani, ile ya 235, ambayo katika madini asilia haifiki hata asilimia 1. Vinu vingi vya umeme huhitaji asilimia 3 hadi 5. Bomu huhitaji kama asilimia 90. Tarakimu hizo tatu zingetosha video nzima, maana zinaeleza kwa nini kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki. Lakini asiishie hapo msimulizi. Chernobyl mwaka wa 1986 na Fukushima mwaka wa 2011 kulitokea milipuko ya namna nyingine, sumu ikatoka, na watu wakahama makwao. Akilificha hilo, mtazamaji atalisikia kwingine na hatamwamini tena.

Au chukua neno "mnururisho", ambalo baadhi yetu wanaisimu tunalipenda. Limetokana na nuru, nasi nuru twaihusisha na baraka na uongofu. Miale ya nyuklia haionekani kwa macho! Mimi naona afadhali "mionzi", neno ambalo wagonjwa wa saratani wanaotibiwa nayo wamekwisha kulizoea.

Kuna dhana nyingine ambayo huwatoa wanafunzi jasho: muda ambao nusu ya kitu chenye mionzi huwa imebadilika na kuwa kitu kingine. Hapa kamera ina faida kubwa kuliko ubao. Weka chapati moja mezani. Iite iodini 131, inayotumiwa hospitalini kutibu maradhi ya tezi ya shingo. Baada ya siku 8, kata nusu uiondoe. Baada ya siku 8 nyingine, ondoa nusu ya iliyobaki. Siku ya 24 imebaki thumuni. Mtoto aliyewahi kugawana chapati na ndugu zake haelezwi zaidi.

Na hadithi tunazo, tena za kwetu. Kisiwa cha Unguja kilisumbuliwa kwa miaka mingi na mbung'o walioambukiza ng'ombe nagana. Wataalamu walifuga mbung'o huko Tanga, wakawapiga madume mionzi ili wasiweze kuzalisha, kisha wakawamwaga kwa ndege juu ya kisiwa. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na dume wa namna hiyo, uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka wa 1996. Mkasa huo una ndege, ng'ombe, na mapenzi yasiyozaa matunda. Mtunzi wa video atake nini tena?

Lakini lipo jambo linalonikera. Video nyingi za aina hii hutungwa kana kwamba zinauza sabuni: tabasamu, muziki, na maneno "safi" na "salama" yakirudiwarudiwa. Kufafanua ni kazi moja, kushawishi ni nyingine. Mei 2024 wakazi wa Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, waliandamana kuupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao, wakakabiliana na polisi. Mwaka uliofuata, macho ya serikali yaligeukia Siaya. Wavuvi wa Uyombo waliihofia bahari yao. Hofu ya namna hiyo haijibiwi kwa densi, wala aliye nayo hastahili kuitwa mjinga.

Kama ningeombwa kuchagua video ya kwanza, ningemtaka mwanafunzi wa Kilifi au wa Siaya aketi na mhandisi mbele ya kamera, amwulize taka za kinu zitawekwa wapi, zitalindwa na nani, na kwa miaka mingapi; naye mhandisi ajibu kwa Kiswahili, pasipo kuliruka swali hata moja.