Mkojo wetu ulipanda ndege, sisi tukabaki: nani atasomea mafigo ku Lualaba?

Mkojo wa watu wa Kasulo umesafiri mbali kuliko wenyewe. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wenzake, pamoja na watafiti wa Chuo cha Leuven, walipita mu ule mtaa wa Kolwezi, wakachukua damu na mkojo kwa watu 72, kati yao watoto 32. Vichupa vikaenda kupimwa Ubelgiji. Matokeo yalitoka mwaka wa 2018 katika gazeti la sayansi Nature Sustainability: kobalti ilikuwa nyingi zaidi mwilini mwa watu wa Kasulo kuliko kwa majirani waliolinganishwa nao, na watoto ndio walionyesha zaidi alama za kuumia ndani ya chembe za mwili.

Kasulo hatuna haja ya kuieleza kwa msomaji wa hapa. Mwaka wa 2014 mtu alichimba mu parcelle yake, akakuta madini, na mtaa mzima ukageuka carrière. Shimo mbele ya mlango, shimo nyuma ya jikoni, vumbi mpaka ndani ya bukari.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwaka wa 2009 timu ile ya UNILU ilikuwa imekwisha kuandika kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini vya Katanga ya zamani wana kobalti, na vyuma vingine kama kadmiamu, risasi na uraniamu, nyingi kupita kiasi mu mkojo. Zaidi ya watu 300 walipimwa.

Sasa swali ambalo linarudi kila mara ku carrière, ku dépôt, ku nyumba: ile chuma ikipita mu mkojo, mafigo yanabaki namna gani?

Tuseme ukweli. Kuona chuma mu mkojo ni kitu kimoja. Kujua kama figo imeumia ni kitu kingine. Mafigo mawili, kila moja likiwa na ukubwa wa ngumi, yanachuja karibu litre 180 kwa siku, halafu yanarudisha karibu yote mwilini na kutupa kidogo tu. Kobalti inayotoka inapitia pale, lakini mabaya yake yanayojulikana zaidi ni ya mapafu, moyo na tezi ya shingo. Wale watatu wengine, kadmiamu, risasi na uraniamu, ndio adui wa mafigo waliojulikana tangu zamani. Wajapani walijifunza kwa uchungu: ku bonde la mto Jinzu, mgodi wa zinki wa Kamioka ulimwaga kadmiamu mu maji, maji yakaingia mu mashamba ya mchele, na wamama waliokula ule mchele wakaharibika mafigo na mifupa ikawa inavunjika ovyo. Serikali yao ilikubali mwaka wa 1968 kwamba ugonjwa ule ulitoka ku mgodi. Ilichukua miaka mingi, na waganga waliokaa palepale na wagonjwa wao.

Kuna pia jambo ambalo creuseur analijua kwa mwili kabla ya munganga kumwambia: joto. Ku El Salvador na Nicaragua, kule Amerika ya Kati, wakata miwa vijana, wasio na sukari wala tension, walianza kufa na mafigo. Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Waganga wa kule walianza kuhesabu wagonjwa wao na kuandika, na mwaka wa 2002 wale wa El Salvador walichapisha hesabu yao. Leo watafiti wengi wanaona kwamba kazi nzito ndani ya joto kali, bila maji ya kutosha, siku kwa siku, ina sehemu kubwa, ingawa mabishano juu ya sababu zingine hayajaisha. Matokeo yake yalikuwa ya kawaida kabisa: maji, kivuli, na saa ya kupumzika mu kazi. Nani kati yetu hajaona mtu anatoka mu puits amelowa jasho, tangu asubuhi hajakunywa kitu isipokuwa lutuku, mugongo inamuuma, anameza diclo mbili na kurudi chini? Dawa za namna ile za maumivu, zikimezwa kila siku na mwili ukavu, zinagonga mafigo. Hiyo haihitaji utafiti mupya. Lakini ni watu wangapi ku Kolwezi, ku Fungurume, ku Kapata, wanaumia namna ile? Hesabu ile inataka mtu wa kukaa hapa na kufuata watu walewale kwa miaka, na si kupita wiki mbili na vichupa.

Kinshasa wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Profesa Ernest Sumaili na wenzake wa Cliniques universitaires walipima wakubwa 503 katika jiji lile, na mwaka wa 2009 wakachapisha: watu 12,4 kwa kila 100 walikuwa na alama ya ugonjwa wa kudumu wa mafigo. Walio wengi hawakujua kitu, maana figo haipigi kelele. Inapoanza kuvimbisha miguu na uso, mara nyingi imebaki kidogo sana. Baada ya hapo ni dialyse, kwa kawaida mara tatu kwa juma, karibu masaa manne kila mara, maisha yote. Familia ya mchimbaji inaelewa hesabu hiyo bila sisi kuandika bei.

Sasa tuje ku franga na masomo, kwa sababu milango iko, na watu wengi wa kwetu hawaijui.

Mlango wa kwanza ni Société internationale de néphrologie, ambayo kwa kifupi cha kiingereza wanaiita ISN. Tangu mwaka wa 1985 inalipa waganga wa nchi zenye mapato madogo waende kusomea mafigo ku lopitali kubwa ya nchi ingine. Mamia ya waganga wamepita pale. Shirika la waganga wa mafigo wa Afrika, AFRAN, lililoanzishwa mwaka wa 1987, linashirikiana nayo mu kazi hii. Kwa sisi wa kifaransa, Dakar imefundisha waganga wa mafigo wa nchi nyingi, na kule munganga wetu hatapoteza mwaka kwa kujifunza luga.

Lakini tazameni sharti, maana hapo ndipo watu wanaangukia. Hawatoi franga kwa mtu anayetaka kukimbia nchi. Wanataka munganga aliyekwisha kufanya kazi, mwenye lopitali nyumbani inayoandika kwamba akirudi atapata nafasi yake, na mkubwa wa kumusimamia huku na mwingine kule anakoenda. Barua ile ya lopitali ni karatasi moja tu. Bila yenyewe, dossier haina kichwa. Mutoto anaweza kuwa na akili zote za dunia. Kama hakuna lopitali ya Lualaba inayosema «huyu ni wetu, tunamungojea», analala inje.

Mlango wa pili ni wa lopitali yenyewe. ISN iko na programu ya kuunganisha lopitali mbili kama ndugu: moja ya nchi tajiri, ingine ya nchi kama yetu. Wanaanza chini, wanapanda ngazi tatu kwa miaka sita, na kila mara lopitali ndogo inapaswa kuonyesha kazi iliyofanyika. Wanabadilishana waganga, wanafundisha wauguzi, wanasaidia kupanga utafiti. Wauguzi tunawataja kwa makusudi. Munganga wa mafigo bila infirmier anayejua mashine ya dialyse ni dereva bila gari.

Mlango wa tatu ni Ubelgiji. Vyuo vya upande wa kifaransa vinatoa bourse kupitia ARES, na vya upande wa Flandre kupitia VLIR-UOS. Waganga wa watoto wa Kinshasa wamepitia Leuven kufanya doctorat juu ya mafigo, na wengine wa Kinshasa wamefanya utafiti pamoja na Liège. Njia ya Lubumbashi na Leuven iko, imepigwa na watu wa UNILU kwa miaka mingi juu ya magonjwa ya migodi. Mwanafunzi wa Kolwezi hana haja ya kufyeka pori mupya; anapaswa kwenda kugonga ku École de santé publique ya Lubumbashi na kuuliza nani anatafuta musaidizi.

Kuna na ile ya majirani. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na Jumuiya ile iko na taasisi ya mafigo ku Nairobi, iliyojengwa kwa mkopo wa Banque africaine de développement. Kule masomo ni kwa kiingereza, tunajua. Lakini Tanzania, ambao tunaongea nao kiswahili, walituma watu wao kusoma, na mwezi wa kumi na moja 2017 Muhimbili ya Dar es Salaam ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Mbele ya hapo wagonjwa wao walikuwa wanapelekwa India.

Wengine watauliza kwa nini dunia ijali mafigo ya Kolwezi. Inaanza kujali. Mwezi wa tano 2025, ku Genève, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza juu ya afya ya mafigo, na Guatemala, nchi ya miwa na joto, ndiyo iliyolisukuma. Na ku Ghana, Nigeria na nchi zingine, watafiti wa Afrika wamekusanya maelfu ya watu kutafuta jeni inayoitwa APOL1. Mwaka wa 2024 walionyesha kwamba hata mtu aliyerithi nakala moja tu yenye kasoro, kutoka kwa mzazi mmoja, yuko na hatari kidogo zaidi ya kuumwa mafigo. Damu ile ilikuwa ya Afrika ya magharibi. Ya kwetu inangojea mtu wa kuiuliza.

Na franga si lazima zitoke mbali. Code minier iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inasema kampuni yenye kibali cha kuchimba iweke angalau 0,3% ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale, na chombo kinachosimamia mfuko ule kinakuwa na wajumbe wa kampuni na wajumbe wa wenyeji. Juu ya hapo kuna redevance: kobalti imehesabiwa kuwa madini ya stratégique na inalipa 10%, ambamo jimbo linapata 25% na komini ama sektere 15%. Kuna tena cahier des charges ambayo kampuni inaandika pamoja na vijiji. Tumezoea kuomba mu zile karatasi shule, kisima, barabara. Ni vizuri, na hatusemi muache. Lakini bourse ya munganga mmoja na infirmiers wawili, pamoja na ile barua ya kuwapokea wakirudi, haigharimu hata kipande cha barabara.

Wajumbe wetu mu ile mifuko wanajulikana kwa majina. Wako mu mtaa, wako mu kanisa. Mukutano ukiitwa, waulizeni kama neno «mafigo» limekwisha kuandikwa mahali. Wenye mutoto anayesoma médecine ku Kolwezi ama Lubumbashi, mumwambie mapema kwamba kuna kazi hiyo, maana spécialisation inachaguliwa kabla mtu hajachoka. Na watafiti wakirudi na vichupa vyao, tuwape mkojo, lakini tuwaulize siku gani wataleta majibu, na kwa luga gani.

Siku ya ine ya pili ya mwezi wa tatu, kila mwaka tangu 2006, dunia inafanya siku ya mafigo. Siku ile hata poste de santé ndogo inaweza kupima tension na kutumbukiza bandelette mu kikombe cha mkojo. Inachukua dakika mbili, na kichupa hakipandi ndege.