Mashine ya boti ikae juu kiasi gani?

Anayesafiri kati ya Amu na Pate anaujua mkondo wa Mkanda. Siku za bamvua, maji yakitoka, mkondo wenye maji haba hubaki na kina kidogo mno. Nahodha angoje maji yajae, ama ainue mashine na kubahatisha. Na ndani ya boti huenda yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa akikimbizwa hospitali. Ndiyo maana nasema suala hili si la mafundi peke yao.

Tuanze na mguu wa mashine. Mfupi ni wa ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15, mrefu ni wa inchi 20, na upo wa inchi 25. Ukifunga mguu wa 20 kwenye ubao wa 15, propela imezama inchi 5 za bure, na hizo ndizo zitakazolima mchanga.

Juu ya propela pana bamba bapa, kazi yake ni kuzuia hewa isivutwe kutoka juu ya maji. Boti ikiwa nchi kavu na mashine imesimama wima, nyoosha ubao chini ya boti hadi ufike kwenye bamba. Bamba liwe sawa na chini ya boti, au limepanda kama inchi 1.

Likiwa chini sana, mguu unaburura maji, petroli inaliwa, na mwamba au mchanga uko karibu. Likiwa juu sana, propela inakula hewa: mlio unapanda ghafla, boti haisogei. Baya zaidi, matundu ya kuvutia maji ya kupoza yako kwenye mguu huo huo. Yakivuta hewa, mashine inachemka.

Kwa hivyo pandisha tundu moja la bolti kwa wakati mmoja, kisha jaribu penye kina, ukiwa na mzigo wako wa kila siku. Kata kona kulia na kushoto. Tazama ule mchirizi wa maji unaotoka kando ya mashine. Ukikatika, zima mara moja: ama umepandisha kupita kiasi, ama mchanga umeziba njia.

Penye maji haba inua mashine kidogo na uende polepole, lakini matundu yale yabaki ndani ya maji. Abiria nao wasirundikane nyuma, maana tezi ikizama, na propela inazama nayo.

Naona wenye boti wengi huiacha mashine pale ilipofungwa siku ya kwanza. Saa moja ya spana ni rahisi kuliko propela mpya. Hata hivyo, inchi 1 haigeuzi maji kupwa kuwa maji kujaa. Kwa safari ya mgonjwa, nahodha azijue saa za maji kabla hajang'oa nanga.