Maziwa ya Gayogayo

Gayogayo mwenye madoa (Pardachirus marmoratus), samaki bapa wa kadiri ya shibiri moja, hukaa mchangani kuanzia Bahari ya Shamu hadi pwani ya Afrika Mashariki. Angali mdogo sana, jicho lake la kushoto huhamia upande wa kulia, ndipo hulalia ubavu usio na jicho. Lakini kujificha si kinga yake pekee. Mashinani mwa mapezi yake mna matezi yatoayo ute mweupe kama maziwa. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani, Eugenie Clark, alionyesha kuwa papa aliyejaribu kumng'ata aliachama, asiweze kufunga taya. Ilitumainiwa kuwa ute huo ungewakinga waogeleaji. Kumbe huzimuka upesi majini, na hufaa hasa uingiapo kinywani mwa papa mwenyewe.