UZI: “Hustle” ni neno gani, na kwa nini kila mwanasiasa analipenda?

1/ Mdahalo wowote wa siasa hapa Kenya, lazima mtu ataje “mahasla wetu”. Makofi yanapigwa, mjadala unaishia hapo. Lakini wasee, hasla ni nani hasa? Tuanze na neno lenyewe, halafu tuje kwa siasa.

2/ Matamshi. Linaandikwa “hustle”, lakini hiyo t ni bubu, sawa na ya “castle” na “listen”. Mwingereza husema kitu kama “hasol”, na o yenyewe ni hafifu sana. Sisi tukalichukua tukalifanya la nyumbani: hasla, mahasla, nahaso, tunahaso.

3/ Asili. Lilitoka kwa Kiholanzi, kitenzi “husselen”, yaani kutikisa, likaingia Kiingereza karne ya 17. Kulikuwa hata na mchezo wa kutikisa sarafu ndani ya kofia. Baadaye likawa pia kusukumana, vile watu husukumana steji jioni mvua ikianza.

4/ Karne ya 19, kule Marekani, likabeba maana mbili. Moja: kupata pesa kwa ujanja, hadi “hustler” akawa mwizi au tapeli. Mbili: kuchapa kazi bila kuchoka. Filamu ya Marekani ya 1961, The Hustler, inahusu mchezaji wa pool anayewala watu pesa kwa kujifanya hajui kucheza.

5/ Maana zote mbili ziko hai. Ndiyo maana mama mboga anayeamka saa kumi usiku kwenda Marikiti, na jamaa aliyepata tenda kupitia mlango wa nyuma, wote wanaweza kusema “mimi ni hasla tu”. Na hakuna anayedanganya kamusi!

6/ Linganisha na maneno tuliyokuwa nayo. “Jua kali” linataja hali ya kazi: hakuna paa. “Mvuja jasho” linakufanya uulize jasho linamnufaisha nani. “Mlalahoi” linaonyesha mtu aliyechoshwa. “Hasla” linataja bidii yako peke yake. Ukifaulu, ulihaso. Ukikwama, hukuhaso vya kutosha. Mwajiri hayuko kwa hiyo picha, wala serikali.

7/ Hapo ndipo shida iko. Takwimu za serikali zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukiacha kilimo kidogo, iko katika sekta isiyo rasmi. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira yanayofaa ya kazi na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sasa kijana wa mjengo akiitwa hasla badala ya mfanyakazi, nani ataulizwa kuhusu haki hizo?

8/ Mfano. Neno hili lilitawala kampeni za 2022. Tarehe 30 Novemba mwaka huo, serikali ikazindua hazina ya mikopo yenye jina hilo: kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka. Uipende, uipinge, hiyo ni juu yako. Ona tu kitu kimoja: hasla akilia, anapewa mkopo. Mfanyakazi akilia, anatarajia mshahara na mkataba. Jina unaloitwa linachangia jibu utakalopewa.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akikuita hasla, muulize:
– Unamaanisha nani, na nani hayumo?
– Huyo hasla anamfanyia nani kazi, na analipwa ngapi?
– Utabadilisha nini kwa sheria au bajeti ili asihangaike hivyo?

Akijibu, sawa, mjadala umeanza. Akirudia tu “mimi pia nilihaso”, kumbuka ile kofia: ukisikia sarafu zikitikiswa, usisahau kuangalia ni mkono wa nani umeishika.