Mwanamke Aliyejijengea Ukuta

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Ni usemi wa kweli, lakini hautuelezi mwoga huyo, akijifungia ndani siku zote, atacheka na nani. Swali hilo ndilo linaloshughulikiwa na riwaya moja kutoka Angola ambayo ningependa wasomaji wa ukurasa huu waitafute.

Riwaya yenyewe ni "A General Theory of Oblivion", yaani nadharia ya jumla ya usahaulifu. Jina hilo lisimtishe mtu, kwani hiki si kitabu cha falsafa. Mwandishi wake, José Eduardo Agualusa, alizaliwa Huambo mwaka 1960. Alikiandika kwa Kireno, kikatolewa mwaka 2012, kisha Daniel Hahn akakifasiri kwa Kiingereza. Mwaka 2017 kilitwaa tuzo ya International Dublin Literary Award, yenye thamani ya euro 100,000, wakagawana mwandishi na mfasiri.

Hadithi yamhusu Ludo, mwanamke Mreno ambaye tangu utotoni aliogopa mbingu. Kila akiwa mahali palipo wazi, moyo humwenda mbio. Dada yake aolewa na mhandisi wa migodi, na Ludo awafuata hadi Luanda, katika nyumba ya orofa ya 11. Siku za uhuru wa Angola, uliopatikana tarehe 11 Novemba 1975, zakaribia. Usiku mmoja dada na shemeji waenda kwenye karamu ya kuwaaga marafiki, wasirudi tena. Wezi waja mlangoni, Ludo afyatua bastola, mmoja wao auawa. Kwa hofu achukua matofali na saruji, ajenga ukuta kati ya mlango wake na ulimwengu, na kukaa humo karibu miaka 30.

Anaishije? Hapo ndipo penye vituko. Alima mboga kwenye roshani, akitoka amejifunika boksi lenye matundu ili asiione mbingu. Anasa njiwa kwa chambo cha almasi, kwa kuwa almasi hazipikiki. Kuni zikiisha achoma samani, halafu vitabu. Karatasi zikiisha aandika ukutani kwa makaa. Rafiki yake ni mbwa mmoja mweupe, basi.

Msomaji atacheka, lakini kicheko hicho kitamkwama kooni. Ludo aliwaogopa watu wa mji ule bila kuwajua hata mmoja. Huko chini nchi yapigana vita vilivyokwisha mwaka 2002, na yeye aichungulia tu kutoka juu. Hatimaye mtoto wa mitaani aitwaye Sabalu, mwenye umri wa miaka saba, akwea jukwaa la waashi aje kuiba, amkute bibi ameanguka na kuvunjika mguu. Yule ambaye ukuta ulijengwa ili asiingie ndiye anayemletea mkate na dawa. Sitaki kumnyang'anya msomaji utamu kwa kueleza yanayofuata. Itoshe kusema kwamba urafiki wa mkongwe na mtoto huyo ndio moyo wa kitabu, na umesimuliwa bila mahubiri.

Kasoro haikosekani. Wahusika ni wengi, na kuelekea mwisho wakutana kwa bahati kiasi cha kumfanya msomaji agune. Aliyezoea hadithi inayokwenda moja kwa moja itambidi awe na subira. Hata hivyo sura ni fupi, na kitabu chenyewe si kinene. Jioni chache zatosha kukimaliza.

Wengi wetu mijini tunaishi nyuma ya mageti, mbwa wakali na kuta zilizopandwa vigae vya chupa. Hofu yetu ina sababu, kama ya Ludo ilivyokuwa nayo. Lakini ukuta hauchagui: humzuia mwizi, na pia humzuia yule ambaye angetuokota siku tutakapoanguka. Hilo ndilo Agualusa analotuonyesha, na ndiyo sababu nakisifu kitabu hiki kwa vijana na wazee pia.